Kadi za Mstari wa Watoto

Mama yangu alizaa watoto sita, akazika mmoja, na huyo mmoja nilimpoteza mimi.

Alikuwa kifungua mimba wake. Aliishi siku kumi na moja, akafa kwa homa miaka mitatu kabla sijazaliwa. Mama alikuwa bado mgonjwa kitandani, kwa hiyo baba alilibeba lile jeneza dogo peke yake, akamzika kwenye makaburi ya watoto hapa Kolwezi, upande wa mikaratusi. Nilipozaliwa mimi nikapewa jina lake, kama wafanyavyo watu wa baba, ili jina lisibaki chini. Nimekua nikijua kwamba jina langu lilikuwa na mwenyewe kabla yangu.

Nilipokwenda Lubumbashi kusomea shahada ya uzamili ya ukutubi, mtaa mzima ulinicheka. Jirani yetu, fundi cherehani, alisimamisha mashine yake ili anicheke vizuri. "Miaka mbili ingine juu ya kupanga bitabu tu? Lete kwangu, mi nitakupangia siku moya, na masahani nitakuoshea!" Nilicheka naye, lakini ilinichoma. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, tena napenda kila kitu kikae mahali pake. Nikiingia nyumbani kwa watu hunyoosha picha ukutani bila kuombwa. Wakati ule nilidhani hiyo ni sifa.

Mwaka wa kwanza tulitakiwa kufanya mafunzo ya kazi, nami nikarudi nyumbani, katika ofisi ndogo ya makaburi. Palikuwa na karani mmoja, mzee mkimya aliyekaribia kustaafu, ambaye wote tulimwita tata, yaani baba. Nyuma ya meza yake kulikuwa na kabati lenye droo nyembamba za mbao, na kila droo imejaa kadi. Juu ya kadi paliandikwa jina la marehemu, jina la mzazi na siku ya kuzikwa, basi. Nilivuta droo ya kwanza nikaona aibu. Kadi hazikufuata herufi wala tarehe. Aliyezikwa juzi alikaa kando ya aliyezikwa zamani za babu. Shaghalabaghala tupu.

Nilizipanga kwa alfabeti. Ilinichukua wiki sita. Kila siku mchana walipolipua miamba mgodini, vioo vya madirisha vilitetemeka, na kadi zikatikisika ndani ya droo kwa sauti ndogo, kama watu wanaosogea ili upite. Siku moja nikatoa kadi yenye jina langu, na chini yake jina la baba. Niliisoma mara mbili. Kisha nikajiambia kazi ni kazi, nikaipeleka kwenye herufi yake. Ndiyo kusema nilimshika ndugu yangu mkononi akiwa mahali pake, nikamtoa mimi mwenyewe.

Tata alikuwa akiniletea karanga za kuchemsha na kunitazama. Nilipomaliza alilizunguka kabati mara mbili. "Iko muzuri, mama," akaniambia. "Njo masomo hii." Yaani, hayo ndiyo masomo.

Mwaka uliofuata, darasani Lubumbashi, profesa wetu alifundisha somo la kumbukumbu za zamani. Alisema kitabu kinapangwa, lakini kumbukumbu haipangwi. Usiguse mpangilio unaoukuta mpaka umjue aliyeuweka na sababu yake, kwa maana mara nyingine mpangilio wenyewe ndio habari. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinikwama. Nilijua kabla sijajua.

Wiki hiyohiyo mama akanipigia simu. Mgodi ulikuwa unapanuka, na makaburi yangehamishwa. "Banatosha makaburi yote," alisema. "Kila famille ikuye ionyeshe mutu yao. Bale bahana na mutu ya kubaonyesha, batabatia pamoya mu shimo moya. Mi nilibaambia, mi niko na mutoto anasomaka mambo ya mafishi. Ye njo atatuonyesha." Fishi kwetu ni kadi.

Mama hakuweza kumwonyesha mtu wake. Alijua mstari, basi. Misalaba ya mbao ililiwa na mchwa zamani, vibao vya chuma viling'olewa vikauzwa kwa kilo, na mvua ikasawazisha vichuguu vya udongo. Kila mwaka alisimama mwanzoni mwa mstari na kuusalimia wote kwa pamoja. Baba, aliyekuwa anapajua, amekwisha kufa.

Nilirudi Kolwezi kwa basi la kwanza, nikamkuta tata anakunywa chai. Nikamwuliza zile kadi zilikuwa zimepangwaje kabla yangu. Akaweka kikombe chini.

"Kila tiroir," akasema akigonga droo, "njo mustari moya ya makaburi. Fishi ya kwanza, kaburi ya kwanza. Fishi ya pili, kaburi ya pili. Hatukuandikaka namba, juu fishi yenyewe ilikuwa mu nafasi yake."

"Sasa tata, wiki sita nzima ulinyamazia nini?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "We uko mu-universitaire, mama. Mi niliwaza unajua."

Nilimfokea. Nilimfokea mzee wa umri wa baba yangu, mbele ya chai yake, kwa kosa langu mwenyewe. Alinipisha kwenye kiti chake, akatoka nje. Majuto ni mjukuu, nami nilikuwa nimeanza kumlea.

Kilichoniokoa nusu ni wadudu. Nilipozinyanyua kadi dirishani niliona matundu madogo: zamani, kabla sijazigusa, mchwa walikuwa wametoboa droo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kadi baada ya kadi, na tundu la kadi moja lilitazamana na tundu la jirani yake. Kwa hiyo ningeweza kuwarudisha watu kwa majirani zao. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu, kadi mbili mbili dhidi ya mwanga, nikisoma majina kwa sauti. Tata naye akakaa upande wa pili wa meza akinisaidia, na hatukuuzungumzia tena ule ugomvi. Mstari mmoja ulisimama, kisha wa pili. Familia zikaanza kuja, na tata akazihesabia hatua hadi kaburini.

Mstari wa watoto ndio uliokuwa wa mwisho. Katika droo ile mchwa walikuwa wameingia pande zote mbili, wasikutane katikati. Upande huu ukakamilika, na upande ule. Katikati zilibaki kadi nne safi, hazina tundu hata moja, na makaburi manne yaliyofuatana. Tarehe hazikusaidia, maana kwenye mistari ile watu walizika popote palipokuwa wazi. Moja ya kadi hizo ilikuwa na jina langu. Nilizigeuza, nikazinusa, nikatafuta doa la maji, alama ya wino, chochote. Hakuna. Wale watatu wengine hakuna mtu aliyekuja kuwauliza. Pengine wazazi wao walihamia Kisenge, au Tenke, au nao wamekufa.

Asubuhi ya kuhamisha, mama alivaa kitenge kipya na kubeba shuka jeupe dogo alilolipiga pasi. Wafanyakazi wenye glavu walikuwa wamekwisha kuweka sanduku chini. Jina moja, sanduku moja, ndivyo walivyoelekeza. Mama alinishika mkono, tukaenda mpaka katikati ya mstari. Hakuuangalia udongo, aliniangalia mimi.

"Njo wapi?"

Ningeweza kumwambia kweli. Ningeweza kusema, mama, ni mmoja kati ya hawa wanne, na aliyevuruga ni mimi. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nililiona lile shuka, na mistari ya pasi, nikaogopa. Nikanyoosha kidole kwenye kaburi la tatu.

"Njo ye?"

"Njo ye, mama."

Walichimba taratibu. Hakukuwa na mengi: udongo mweusi kidogo kuliko wa pembeni, mifupa midogo michache, na ushanga mmoja wa bluu. Mama aliuchukua ushanga, akaufuta kwa kidole gumba, akauinua kwenye mwanga.

"Labda kaku yake njo alimufunga," akasema mwishowe.

Kaku ni bibi yetu, mama yake baba. Mwaka ule wote bibi alikuwa kwao kaskazini, na hakuwahi kumwona yule mtoto. Mama ndiye aliyenisimulia hivyo, tena mara nyingi. Aliufunga ushanga ndani ya shuka pamoja na vingine, akapiga fundo, akalilaza sandukuni, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Wale watatu waliobaki walikwenda kwenye shimo la pamoja.

Niliitetea tasnifu yangu miezi michache baadaye. Niliandika juu ya kabati lile, juu ya droo, juu ya matundu ya mchwa. Walimu walisifu, mmoja akasema nimeirudishia jamii kumbukumbu zake. Zile kadi nne sikuziandika. Sasa nafanya kazi maktabani, na wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu huniona mkali, kwa sababu siwaruhusu kugusa rafu yoyote kabla hawajaniambia nani aliipanga na kwa nini.

Kila mwaka mimi na mama huenda kwenye makaburi mapya. Tunang'oa majani, tunamwaga maji, kisha mama hupiga magoti na kuliita jina la mtoto wake, ambalo ni jina langu, na mimi husimama nyuma yake nikijizuia nisiitike. Anapoliita lile moja, mimi huyataja yote manne kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, ili yule aliyelala pale, awaye yote, asikose kuitwa. Mama hajapata kuniuliza nasema nini. Hungoja mpaka nimalize jina la nne, kisha husema amina.