Mkanda Uliobaki Kwenye Kamera ya Baba

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la fundi pale Manundu, Korogwe, nimepakata kamera ya baba, aliyonituma niitengenezeshe, kama mtu aliyepakata mtoto mwenye homa. Fundi aliipokea, akaitikisa karibu na sikio, akajaribu kuvuta kile kimkono cha kusogezea mkanda. Hakikwenda.

"Dada, humu ndani kuna mkanda," alisema. "Na mashine imekwama. Nikiilazimisha inaweza ikafa kabisa. Lakini ninayo nyingine kama hii hii, nzima. Bora uchukue hiyo."

Nilimpigia kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, naye hakusita. "Mpelekee hiyo nzima. Mzee macho yameisha, hatajua."

Niliichukua tena kamera nikaipakata. Ili unielewe, rafiki yangu, twende kwanza kijijini kwetu Kwaluguru, nilipokuwa na miaka tisa.

Baba alikuwa mkulima kama wengine, ila siku za gulio na sikukuu aligeuka mpiga picha. Alitundika shuka la maua kwenye ukuta wa nyumba yetu, na watu wakaja wamejipaka mafuta mpaka visigino, wakiazimana pea moja ya viatu kwa zamu. Wafugaji walitembea kutoka upande wa Mazingara, wakasimama wima mbele ya shuka bila kupepesa. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kunyunyiza maji ili vumbi litulie, na kuwashikia watu kioo. Mpaka leo naisikia harufu ya udongo ule uliolowa, pamoja na moshi wa jikoni alikokuwa bibi akisonga bada, ugali wetu wa muhogo. Mkanda ukiisha, baba aliupeleka Korogwe kusafishwa. Tulisubiri wiki mbili, hata tatu, na hakuna aliyelalamika.

Bibi hakupenda kupigwa picha. Alisema kile kitu kinamtolea jicho. Idi moja akakubali, sijui kwa nini. Alijifunga khanga mpya, akaketi kwenye kigoda, akapigwa moja tu. Siku ya pili yake baba alikwenda shamba, na mimi nilikuwa nachekecha unga. Nikataka kumwona bibi. Niliamini kabisa kwamba yumo mle ndani tayari, mdogo kama kidole. Nikafungua kamera kwa nyuma. Niliona utepe wa kahawia unang'aa, bibi hayumo. Nikafunga upesi.

"Mkanda wote umeungua kwa mwanga," baba alisema aliporudi kutoka Korogwe. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu radhi. Kwa wafugaji ilimchukua siku nzima kwenda na kurudi. Kisha akaipeleka kamera kwa fundi, akisema labda inavujisha mwanga. Fundi hakuona kasoro yoyote. Nami nilikaa kimya. Bibi alifariki kabla ya Idi iliyofuata, na hatukuwa na picha yake nyingine. Tangu hapo, kila baba alipoishika kamera ile, nilijitafutia kazi nyuma ya nyumba.

Na sasa, pale Manundu, nilikuwa naambiwa nimdanganye mara ya pili. Fundi alisubiri. Nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Fundi anasemaje?"

Nilimweleza yote, hata ushauri wa kaka. "Akiifungua, mkanda unaweza kuungua," nilisema. "Naogopa, baba."

"Mwache afungue. Si hata wewe uliwahi kuifungua?"

Nilisimama. "Ulijua?"

"Niliukuta mfuniko una alama za vidole vya unga wa muhogo. Vidole vidogo."

"Sasa mbona uliipeleka kwa fundi?"

"Watu walitaka kujua sababu. Ningewaambia ni mtoto wangu?"

Nilimrudia fundi nikiwa nafuta machozi, nikamwambia atengeneze hiyo hiyo ya baba. Aliizungushia koti zito jeusi, akapenyeza mikono yake kupitia mikono ya lile koti, akafungua humo gizani kwa kupapasa. Alichukua muda mrefu. Sikuthubutu hata kukohoa. Mkanda ulitoka mzima, na kaka akautafutia pa kuusafisha huko Dar. Siku kumi za kusubiri zilinikondesha. Ulirudi hauna kitu ila ukungu. Ulikuwa umezeeka mno. Kamera yenyewe ilipona, na fundi akaniwekea mkanda mwingine.

Niliipeleka Kwaluguru mwenyewe. Ule ukuta wa udongo haupo tena, nyumba sasa ni ya matofali. Majirani waliokuwa wakipanga foleni kwetu, wengi wametangulia. Watoto wao wanajipiga picha kwa simu hata chakula hakijaiva, na wanazifuta kabla ya kulala. Siwalaumu. Lakini siku hizi sioni tena mtu akinyoosha shati kwa viganja na kuvuta pumzi kwa sababu anajua atapigwa mara moja tu.

Baba aliipapasa kamera kila upande, akaridhika. Alitutoa wote nje, mimi na wajukuu, akatupanga juani kwa sauti ile ile ya zamani. "Tulieni," alisema. "Msitikisike."

Tukatulia kama mawe. Yeye akainua kamera usoni, akashusha, akainua tena, na mimi nikanyoosha gauni kwa viganja, nikavuta pumzi nikingoja ile moja.