Ufunguo Uliokaa kwa Mama Mkwe

Zaitun binti Gharib, Mungu amweke pema, hakuwa mtu wa ugomvi. Mwaka tisini na saba, wakimbizi walipomiminika Kigoma, alikuwa karani mpiga chapa katika ofisi ndogo ya misaada pale Rusimbi. Aliandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Kila Ijumaa asubuhi alipanda boti na orodha hadi Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, akaisoma mbele ya akina mama waliokuwa wakiwatafuta.

Ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja, kuukuu, inayonguruma kama mashine ya kusaga. Mchana ilikuwa ya Zaitun. Jioni, watu wakishatoka, ilikuwa ya Feliksi, mtunza stoo, mwenye ufunguo wa mlango na uraibu wa mchezo wa ndege za vita. Jumatatu moja mashine ikamwambia imejaa. Feliksi akafuta faili asilolijua, ndege zake zipate pa kuruka. Yalikuwa majina ya watoto sitini na wanne.

Zaitun alilia, akaswali, akaanza kuchapa upya kutoka kwenye daftari zake. Akaweka na neno la siri. Kesho yake Feliksi akamjia kwa upole.

"Binti yangu, hilo neno ni lipi?"

Akamtajia! Feliksi alikuwa rika la baba yake. Mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi, mchana utamwambia "sikwambii"?

"Wewe nawe!" alicheka Melania, mpika chai wa ofisi. "Umefunga mlango, ukampa mwizi ufunguo."

"Nifanyeje, mama? Akifuta tena, Ijumaa nitawasomea nini wale akina mama?"

Jumatano, akiipangusa mashine vumbi, Zaitun aliona tundu la kufuli mbele yake, na nyuma funguo mbili ndogo zilizofungwa kwa uzi tangu ilipoletwa. Akazungusha mmoja. Kibodi ikafa ganzi. Bonyeza utakavyo, hakuna herufi. Lakini alijijua: akiombwa, atatoa. Basi zote mbili akampa Melania.

Hapo ndipo penye utamu. Eufrasia, bintiye Melania, alikuwa mke wa Feliksi. Na Feliksi, kwa kasoro zake zote, alikuwa Muha aliyelelewa: birika la mama mkwe likitokea mlangoni, yeye hupisha njia, macho chini.

Alhamisi saa kumi na moja akabonyeza. Kimya. Akamkimbilia Zaitun, aliyekuwa anavaa viatu aondoke.

"Binti yangu, ule ufunguo wa mashine uko wapi?"

"Anao mama Melania. Yumo jikoni, mwombe."

Feliksi akatazama jikoni. "Nimwambie mama mkwe nataka kucheza?"

"Mwambie ni vita."

"Nani ananiita huko?" Melania akauliza kutoka ndani.

"Hakuna, mama! Shikamoo, mama!" Feliksi akaruka ngazi mbili mbili hadi nje.

Ijumaa orodha ilitoka kamili, kurasa nne. Kagunga, chini ya turubai, Zaitun alisoma kwa sauti. Jina la thelathini na moja lilikuwa Bariki, miaka sita, kovu juu ya jicho la kushoto. Mama mmoja, Verediana, akasimama, kisha akaketi mchangani akicheka na kulia, wenzake wakampigia vigelegele.

"Alhamdulillahi," Zaitun akasema. Akangoja watulie, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasoma jina la thelathini na mbili.