Magitaa Mawili ya Dorsey Tidmore

Kila Jumamosi asubuhi, Nadine akishaingiza vimkate kwenye oveni, mumewe Dorsey alinawa mikono kama daktari anayekwenda kupasua mtu. Alijifuta mpaka katikati ya vidole, akaenda sebuleni, akaitoa santuri kwenye jalada lake kwa kuishika kingo tu.

Ilikuwa albamu ya pili ya bendi ya Tallow Creek. Jaladani wamekaa vijana saba wenye nywele za mabegani, kwenye ngazi za duka la chakula cha mifugo, wamekunja uso kwa jua. Dorsey aliinunua mwaka 1974, akiwa na miaka ishirini na miwili, na tangu siku hiyo hapakuwa na mkono mwingine uliowahi kushusha sindano juu yake. Nadine alikabidhiwa funguo za pikapu, mashua, hata bunduki ya marehemu baba mkwe. Sindano, hapana.

Kwa kila wimbo Dorsey alikuwa na la kusema. Hapa mpiga ngoma anachelewa makusudi, kama mtu anayeingia kanisani akijua mahubiri bado. Pale piano ina noti moja mbovu, na mpigaji anairudia kwa sababu ameupenda ubovu wake. Lakini wimbo aliousubiri ulikuwa wa mwisho upande wa kwanza, wa dakika tisa. Katikati yake waimbaji wananyamaza, gitaa linashika njia. Hapo Dorsey alifumba macho akaufuata muziki kwa kuvumisha puani, hatua kwa hatua, asikosee hata moja.

Taabu ilikuwa hii: alichokivumisha hakikufanana na kitu ambacho mtu mwingine alikisikia. Kipande kile kila mtu wa bonde letu alikijua. Hoyt, mdogo wake Nadine, mpiga gitaa wa kanisa la Kibaptisti, alikipiga kila Julai Nne, sikukuu ya uhuru, watu wakiwa na sahani za kambare mapajani. Hoyt akipanda, Dorsey anashuka. Hoyt akishuka, Dorsey ndiyo kwanza anapanda ngazi.

"Shemeji," Hoyt alimwambia mwaka mmoja mbele ya watu, "huo wimbo wako mtamu. Umeutoa wapi?"

"Ni huo huo unaoupiga. Ila mimi nauimba ulivyo."

"Mungu alipogawa masikio, wewe ulikuwa umekwenda kuvua."

Watu walicheka, na Dorsey akacheka nao. Wakacheka hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sasa niwaambie habari za masikio yake. Dorsey aliingia kiwandani ana miaka kumi na minane, akakaa miaka ishirini na minane kati ya mashine za kufuma soksi, mia mbili chini ya paa moja. Mle ndani watu walizungumza kwa vidole na midomo, na aliyetaka kujikinga alijitia pamba masikioni. Kisha soksi zikahamia ng'ambo, mashine zikapakiwa kwenye malori, kiwanda kikafungwa. Lakini kelele zake zilibaki kichwani mwa Dorsey, kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Alipofika miaka sitini na moja, Nadine alikuwa akisema kila jambo mara tatu. Jumapili moja alirudi kutoka kanisani akakuta jiko limejaa moshi, maharage yamekuwa makaa, king'ora cha moshi kinalia mpaka mbwa wa jirani amejificha, na chini ya king'ora kile mumewe amekaa anasoma gazeti, amekunja nne.

Nadine hakupiga kelele, maana zingemsaidia nini. Alizima jiko. Kesho yake akampeleka kwa mpimaji wa masikio.

Mpimaji, Bi Pruett, alimwonyesha mstari kwenye karatasi. Ulikwenda vizuri kama barabara ya mlimani, kisha ukaporomoka.

"Sauti za chini unazo, Bwana Tidmore. Za juu zimekwenda siku nyingi. Nadhani katika miaka yako ya kwanza kiwandani zilikuwa zimeanza kukuaga."

Njiani Dorsey alipiga hesabu kimya kimya. Aliponunua santuri ile alikuwa na miaka minne kiwandani. Basi albamu aliyoipenda muda wote huo ilikuwa ipi? Ile waliyoirekodi wale vijana saba, au nyingine iliyotengenezwa na masikio yake mabovu? Swali hilo lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki, wala hakumwambia mkewe.

Vidude vya kusikia vilikuja, kila kimoja kidogo kama punje ya haragwe. Jamani, dunia ilikuwa na kelele. Friji linaguna. Gazeti linachakarika. Barazani kulikuwa na ndege mdogo wa kahawia anayeimba kwa nguvu isiyolingana na mwili wake, na Dorsey alisimama akimsikiliza mpaka kahawa ikapoa. Akasikia na sauti ya Nadine, kumbe mwishoni ina mkwaruzo kidogo, kama kitambaa kizuri.

"Kumbe ndivyo unavyosikika," alisema.

"Vipi?"

"Vizuri."

Lakini Jumamosi ilipofika, alivivua, akaviweka kwenye kisahani, ndipo akashusha sindano. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu, Nadine alikuja mlangoni na mwiko mkononi, unadondosha mchuzi wa soseji.

"Vivae, kisha unieleze kwa nini unavivua."

Dorsey alivivaa. "Naisikia vizuri bila hivi."

"Dorsey."

Alitazama jalada. "Hii ninayoijua imenishika mkono miaka yote ile ya mashine. Nikiisikiliza na hivi vidude nikute ni nyingine, ile yangu nitaipata wapi tena?"

Nadine hakucheka. Alifikiri, mchuzi ukiendelea kudondoka kwenye zulia.

"Miaka thelathini na tisa umenisikia nusu," alisema. "Mwezi huu umenisikia kamili. Umepata mke mwingine?"

"Yule yule." Dorsey alikuna shingo. "Ila ana maneno mengi zaidi."

"Basi shusha sindano."

Wakati huo Hoyt alikuwa anaingia, maana siku ya vimkate hakukosa. Dada yake alimtupia jicho moja tu, naye Hoyt akakaa bila salamu.

Wimbo wa kwanza ulianza, na Dorsey akashtuka: kuna mtu anahesabu moja, mbili, tatu, kabla ya ngoma. Hakuwahi kumjua. Matoazi yalinyesha kama manyunyu kwenye bati. Vidole viliteleza kwenye nyuzi vikalia kama viatu vipya. Kila wimbo ulimletea mgeni, na Dorsey alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, akiungoja wimbo wa mwisho kama mtu anayengoja majibu hospitali.

Waimbaji walinyamaza. Gitaa likaingia, lile lake, la chini, pole pole kwenye ngazi ile ile. Halikuwa limesogea hata kidogo. Na juu yake, wazi kama ndege wa barazani, likaja la pili. Hili likipanda lile linashuka, yanapishana katikati bila kukanyagana, yanageuka, yanapishana tena.

Dorsey alianza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi afute macho.

"Yapo mawili," alisema.

"Mawili nini?" Hoyt aliuliza.

"Magitaa. Wewe unapiga la juu. Mimi nina la chini."

"Shemeji, pale gitaa ni moja. Nimelipiga tangu nina ndevu tatu."

Dorsey aliirudisha sindano, akavumisha la kwake huku kidole kikionyesha hewani linapokwenda. Hoyt aliinamisha kichwa. Kimkate kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Irudie," alisema. Kisha, baada ya muda, "Irudie tena." Na baadaye kabisa, kwa sauti ndogo, "Limekuwa humo siku zote?"

"Mimi hata siku moja sikulikosa."

"Na sisi tukakucheka miaka yote."

"Mlicheka vizuri tu. Hata mimi ilinifurahisha."

Hoyt alitoka mbio kwenye pikapu akarudi na gitaa. Akaanza la juu, Dorsey akaingia chini yake akivumisha puani, imara kama nguzo ya baraza. Walipofika kwenye ile kona ya kupishana, Hoyt alivutwa, akaangukia kwenye njia ya Dorsey, vidole vikachanganyikana.

"Shikilia yako," Dorsey alimwambia. "Mimi kwangu sitoki."

Walianza upya. Hoyt akapotea pale pale.

"Huyo wa juu ndiye mwenye matatizo," Nadine alisema kutoka jikoni. "Dorsey, mwanzishe polepole."