Tulicheka, na Mtoto Hakusema Uongo

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule tuliokula michembe asubuhi, mchana na jioni. Viazi vilivyokaushwa juani, vikachemshwa kwa maji na chumvi, hata karanga za kuungia hazikuwepo. Nilikuwa darasa la tatu, hapa hapa Goweko. Mwalimu akasema tuandike chakula cha nyumbani kwetu. Mimi nikaandika wali, kuku na maziwa mgando. Mwanangu, nilipigiwa makofi! Nikapewa alama kuliko wote, nikakimbia kumsomea mama, ambaye hata herufi moja hakuijua.

Mama alikuwa anachochea moto chini ya chungu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo kuku kamchinja nani?"

"Hakuna, mama."

"Na mimi niliyelima hivi viazi, nikavikata, nikavianika, niko wapi humo?"

Nikaangalia daftari langu; hakuwemo.

"Umenifuta kwa mkono wako mwenyewe," akasema, "na mwalimu wako kakupongeza."

Hakunipiga. Bora angenipiga.

Sasa sikiliza ya juzijuzi, maana mpaka leo nikiyataja hasira hunipanda. Mjukuu wangu Nyamizi, ninayeishi naye, yuko darasa la sita. Alirudi analia, daftari mkononi. Waliambiwa waandike insha ya msiba waliouona. Yeye akaandika wa babu yake, mume wangu. Akaeleza jirani yetu Mgogo alivyovaa koti la marehemu na kofia yake, akachechemea uani vile vile kama yeye, akigomba, "Uji wangu uko wapi, nyie wanawake wavivu?" Akaandika kwamba bibi alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaweza kulia. Ndivyo ilivyokuwa, hakuongeza chumvi. Wagogo ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao kwa miguu, mizigo begani, kwenda pwani. Msiba usio na mtani wa kutukejeli, kwetu huo ni msiba wa mtu asiye na watu.

Mwalimu wake, binti mgeni huku, kachora mistari myekundu ukurasa mzima. "Uongo. Msibani watu hulia." Tatu kati ya ishirini! Chini kaandika nisaini kwamba mtoto amedanganya, na ataandika upya kwa kufuata mfano wa ubaoni. Huo mfano una vilio, maturubai na shukrani kwa majirani. Mtoto wa nyumba ya pili kaunakili wote, kamuua babu yake, kapata kumi na saba. Babu mwenyewe nilimkuta asubuhi hiyo kibarazani anatafuna muwa!

Nikajifunga kanga, nikamshika Nyamizi mkono, tukaenda shule, tukamkuta yule binti ofisini kwa walimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu kadanganya nini?"

"Bibi, insha ina utaratibu wake. Kwenye mtihani hawatamwelewa."

"Wewe umemwelewa?"

Akaiweka kalamu mezani. "Kwani kweli mlicheka? Siku ya kumzika mumeo?"

"Tulicheka. Ungekuwepo, yule Mgogo angekuigiza na wewe, na hiyo kalamu yako nyekundu."

Mwalimu wa meza ya pili akaangua kicheko. Binti hakucheka. Akanisogezea daftari. "Saini tu, bibi, nimpe nafasi ya kurudia. La sivyo hiyo tatu inaingia kwenye ripoti."

Nyamizi akanivuta kanga. "Bibi, saini tu. Nitaandika kama wenzangu. Nitasema ulilia."

Hapo ndipo nilipoumia. Nilimwona mtoto anajiandaa kumfuta babu yake, na kunifuta mimi, kwa alama za ubaoni. Nikalifunga daftari.

"Sisaini. Tulicheka, na mtoto kaandika tulivyocheka."

Basi tatu ikaingia kwenye ripoti. Nyamizi hakuniongelesha siku mbili. Iliniuma, sitaficha.

Mwanangu unayefundisha, mrekebishe mtoto herufi zake, muulize pale usipoelewa, mwambie sentensi hii ndefu ikate. Hiyo ndiyo kazi yako na nakuheshimu kwa hiyo. Lakini usimpe zawadi kwa kumzika babu aliye hai, halafu ukamwadhibu aliyemzika wake kweli. Mambo ya kwetu usipoyajua, uliza. Sisi tupo, midomo tunayo. Na wewe mwanangu unayeandika, kama mmekula michembe, andika michembe. Wapo watu waliohangaika kukuwekea hiyo sahani. Mungu akupe mkono usiotetemeka mbele ya kalamu nyekundu, akupe na msomaji atakayekuuliza kabla ya kukuhukumu.

Jana mwalimu mkuu kalirudisha daftari lile lile nyumbani, eti nifikirie tena, nisimharibie mtoto. Nimefikiri. Nimemwambia Nyamizi akae mezani aandike jibu langu chini ya ile mistari myekundu, kwa mwandiko wake mzuri, nami nikamtajia polepole:

"Sisaini. Tulicheka, na mtoto kaandika tulivyocheka."