Wavu Mtoni Siku ya Msiba

Leo asubuhi nilisimama mtoni peke yangu na wavu, nikisubiri wanafunzi ambao hawakuja.

Jana tulikubaliana vizuri kabisa: Jumamosi asubuhi, mto wa hapa Izigo, tuone vidudu wanaoishi chini ya mawe.

Nikaanza mwenyewe. Kugeuza jiwe la kwanza tu, vidudu wale wanaoishi kwenye maji safi pekee wamejaa. Kumbe mto wetu ni mzima! Nikapiga kelele kwa furaha.

Aliyeitika ni chura.

Wamama wawili wakapita, bila majembe yao ya kila siku, mikono mitupu. Nikawasalimia, wakaitikia kwa shida. Mmoja akarudi.

"Mwalimu, hujasikia? Kuna mzee amefariki hapo juu. Leo hakuna anayeshika jembe, wewe unachokoa mto?"

Jamani, aibu. Nilitoka majini mbio.

Huku habari ya msiba hupita nyumba hadi nyumba. Mwaka wa pili sasa naishi hapa, migomba ya jirani inagusa dirisha langu.

Kwangu habari hiyo haikupita.

Nimetoka kuzika sasa hivi. Nilikaa mwisho wa benchi, suruali bado mbichi.

Nyie mnaofanya kazi mbali na kwenu, nani huwagongea mlango?