Filta Iliyonguruma Kutoka Mbali

Obiero hakuwa mtu wa kukurupuka. Hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwake Ruiru bila kupimwa faida na hasara, na mara nyingine kilipimwa mpaka kikaisha dukani. Viti vya sebuleni vilimchukua miaka miwili ya kufikiri. Muda huo wote mkewe Akello na binti zao, Mitchell na Bridget, walikalia viti vya plastiki wakingoja uamuzi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hao hawakuwahi kukutana na mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha maji ya matunda huko Thika, mtu anayelipwa mshahara kwa kuchagua.

Na asidhaniwe mbaya. Hakunywa, hakupiga mtu, hakupaza sauti. Ila Mitchell akija na kichekesho kutoka shule, baba alitaka kujua yule mlevi wa kwenye kichekesho alipandaje paa bila ngazi. Bridget akifungulia muziki, baba alieleza muziki unamfaa mwanafunzi kwa kiasi gani na kumdhuru kwa kiasi gani. Raha yoyote iliyofika nyumba ile ilikaguliwa mlangoni, na nyingi zilirudishwa zilikotoka.

Sasa mtu wa namna hii ndiye aliyeshikwa na tamaa ya filta ya spoti, ile ya pamba yenye umbo la koni, inayofungwa badala ya filta ya karatasi ambayo gari lilizaliwa nayo. Na gari lenyewe lilikuwa Vitz nyeupe yenye injini ndogo kama sufuria ya uji.

Aliyemtia wazimu huo ni Wanyoike, kijana wa kazini. "Mzee, hiyo kitu inafungua gari kifua," alimwambia. "Gari inapumua! Ukikanyaga hivi, wee, inaenda."

Obiero akaanza kupima. Alitazama video kwenye simu saa za chakula mpaka ugali ukapoa. Filta ya spoti hupitisha hewa nyingi na huongeza nguvu kidogo. Huoshwa ikatumika tena miaka na miaka. Upande wa pili, hupitisha vumbi jembamba ambalo karatasi ingelizuia, hutaka mafuta yake maalumu kila inapooshwa, na ikikaa karibu na injini hunyonya hewa ya moto, hivyo ile nguvu unayopewa kwa mkono mmoja unanyang'anywa kwa mwingine. Tena ina kelele. Kelele aliiweka kwenye hasara, na hapo alijidanganya mchana kweupe, maana kelele ndiyo aliyoitaka.

Yeye alikuwa mtu wa kutoonekana. Kiwandani watu walimsalimia aliyesimama kando yake. Kwenye mkutano wa chama, katibu aliuliza kama Obiero atakuja, naye amekaa mstari wa mbele. Alikuwa anakaribia miaka hamsini na alitaka, walau mara moja, watu wajue amefika.

Fundi Mugo akaifunga filta hiyo kwenye gereji yake Thika. Vitz ilikimbia vilevile kama jana, ila ilinguruma kama lori la mawe linalopanda mlima. Majirani wakasema debe tupu haliachi kuvuma. Obiero hakujali, kwa sababu nyumbani muujiza ulikuwa umetokea. Zamani alikuta televisheni inapiga kelele na vyombo vimelala kwenye sinki. Sasa aliwakuta wasichana wameinamia vitabu, chai imemiminwa, na Akello yuko mlangoni, kitambaa cha kichwa kimenyooka.

"Imeniletea heshima," alimwambia Wanyoike, na kwa mara ya kwanza alitoa uamuzi bila kutaja hasara.

Barabara ya mtaa wao ni ya murram, udongo mwekundu usio na lami, na malori ya mawe hupita humo kutwa yakipuliza vumbi. Mugo alikuwa amemwonya aioshe filta kwa maji, aikaushe, aipake mafuta yake. Lakini huku kwetu filta haioshwi. Filta hupelekwa kwa kijana wa kuosha magari ikapigwa hewa ya kompresa, puu, ikatoka safi. Kila Jumamosi Obiero aliipeleka ikapulizwe kama wanavyofanya wenye filta za karatasi, akiona amewazidi wote akili. Pamba ikakauka, ikaanza kutoboka. Vumbi likaingia kwenye injini kama linarudi nyumbani. Siku moja Vitz ikakohoa njia nzima, akaiacha kwa Mugo, akarudi Ruiru bila gari na kutembea kwa miguu kutoka steji.

Alipokaribia mlango wake alisikia kicheko. Alisimama. Ndani, Mitchell alikuwa akiigiza sauti nzito, ya taratibu: "Faida ya kwanza ya ndizi ni kwamba ina ganda. Hasara ya kwanza ya ndizi... ni kwamba ina ganda."

Akello alicheka mpaka akakohoa. Obiero alikijua kicheko kile. Alikisikia mara ya mwisho walipokuwa wangali wanaishi chumba kimoja Kahawa Wendani, kabla ya watoto, kabla ya viti.

"Nyamazeni, atawapata!" Akello alisema, bado akicheka.

"Mum, tulia," Bridget akajibu. "Vitz bado haijalia."

Iliuma. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Obiero alisimama na mkono kwenye kitasa, akaielewa heshima yake yote ya miezi ile, chai yake na vitabu vyake. Kisha akafungua, na kicheko kikakatika kama umeme.

"Baba Mitchell!" Akello aliruka, akifuta macho. "Umekuja na nini? Hatujasikia gari."

"Iko kwa Mugo," alisema. Akaketi, akajaribu. Aliwasimulia kichekesho cha mlevi aliyepanda paa. Walicheka wote watatu, kwa pamoja na kwa adabu, kama watu wanaompigia makofi mgeni wa heshima. Alitamani wasingecheka.

Kesho yake Mugo alimwonyesha pamba iliyojaa matundu. "Aterere, mzee, sikiliza. Hii vumbi ya Ruiru itakumalizia engine. Nikuwekee ya karatasi. Bei iko chini, gari inanyamaza, unafika nyumbani pole pole, hakuna mtu anajua."

"Hapana," Obiero alisema. "Weka nyingine ya kelele."

"Ai! Na vile unapendanga kupima mambo! Faida yake ni gani?"

"Inasikika mbali."

Mugo alicheka akidhani ni majivuno, akachukua spana. Obiero alinunua na yale mafuta maalumu, akauliza vizuri jinsi ya kuyapaka, maana alitaka hii idumu.

Jioni ile alipoingia mtaani alishusha gia, akakanyaga mafuta mpaka Vitz ikanguruma na mbwa wakaitikia. Akaegesha mbele ya nyumba. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, na nyuma ya pazia vivuli vilikuwa vinakimbizana, kicheko bado kinasikika. Akazima injini, akabaki ameketi garini, akawangoja wamalize kucheka.