Ureno ya Saa Kumi Alasiri

Mkuu wetu wa kitengo, katika ofisi ya Ruwi ninakofanya kazi ya tafsiri, alinipa Ureno niiandikie ripoti. Mwenzangu alipewa Malta, akafurahi kwa kuwa ni ndogo.

"Kurasa mbili tu," mkuu aliniambia. "Nchi yenyewe, magazeti, redio na televisheni zake."

Mimi kuhusu Wareno nilijua mpira, na ngome walizotuachia. Nilipofika nyumbani, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nikatafuta chaneli yao. Habari zao za mchana kwetu huingia saa kumi, na saa kumi sebule ni ya bibi yangu, mzaliwa wa Unguja.

"Nnatazamishwa nini leo?" aliuliza.

"Ureno, Bibi. Kazi ya ofisini."

Akatega sikio. "Mesa! Kasema meza huyu." Kisha akanasa bandeira, kisha ananás, kila neno akilipokea kama jamaa aliyerudi safari. Mimi huku naandika: jamhuri, imepakana na Uhispania tu, magazeti matatu ya kila siku ni ya michezo, Kanisa Katoliki lina redio yake.

Ikaja habari ya harusi. Mtangazaji akataja igreja, na bibi harusi akapanda ngazi na gauni jeupe.

"Wanampeleka gerezani," Bibi alisema kwa huzuni. "Na nguo nzuri namna ile. Kafanya nini?"

"Hapo kanisani, Bibi. Kwao neno hilo ni kanisa."

Akafikiri. "Sasa aliyekosea ni nani, sisi au wao?"

Nilicheka hata kalamu ikanitoka mkononi.

Siku ya pili msitu ulikuwa unawaka, na bikizee mmoja alikuwa akirushia paa lake maji kwa ndoo. Bibi hakutafuta neno lolote. Aliomba dua, midomo ikichezacheza.

Ripoti niliikabidhi. Mkuu alifuta sentensi moja tu, iliyosema watangazaji wao huzungumza kama watu waliokatazwa irabu. Bibi lakini hakuiacha chaneli. Alhamisi nilimkuta amesimama karibu na kioo cha televisheni.

"Mvua imewanyeshea," alisema. "Ila yule mwenye ndoo simuoni. Waulize."

Niliona haya, lakini niliwaandikia watu wa chaneli barua pepe. Baada ya siku mbili wakajibu: nyumba imesalimika, na mwenyewe mzima. Bibi aliniomba nimsomee tena, polepole.